Una uvumbuzi mkononi: uombe hataza (patent) au usiombe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi mitambo, si wakili. Karakana yangu iko Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakinijia na michoro kwenye karatasi za daftari, vifaa vilivyofungwa kwenye viroba, na swali lilelile kwa maneno tofauti. Hapa nimeyapanga yale yanayorudi kila mara. Mfano wa mashine ya kukuna nazi utauona sana kwa sababu niliitengeneza mwenyewe na nikaharibu mwenyewe (swali la 9).

## Mwanzo kabisa

1. Nina wazo kichwani. Nikalisajili wapi lisiibiwe?

Wazo peke yake halisajiliwi popote. Kinacholindwa ni uvumbuzi, yaani jinsi kitu kinavyofanya kazi, kikiwa kimeelezwa mpaka fundi mwingine wa fani hiyo aweze kukitengeneza bila kukupigia simu. "Mashine ya kukuna nazi isiyochanganya chicha na kifuu" ni wazo, na kila mama lishe analo. "Meno yaliyofungwa kwenye springi, yakigusa ugumu wa kifuu yanarudi nyuma yenyewe" ni mwanzo wa uvumbuzi.

Tofautisha pia kuvumbua na kugundua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Wenzake walimcheka. Mwaka 1969 akachapisha matokeo pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake dunia nzima. Lakini hapo hapakuwa na cha kuombea hataza, maana tabia ya maji haina mwenyewe. Angebuni friza inayofanya kazi kwa kutumia tabia hiyo, hilo lingekuwa jambo jingine.

2. Hataza ni nini hasa, na inanipa nini?

Ni hati ya serikali inayokupa haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize nchini uvumbuzi wako kwa muda fulani. Soma tena hilo neno: kuwazuia. Haikupi mtaji wala wateja, wala haiweki askari kwenye mlango wa anayekuiga. Atakayemfuata mwigaji ni wewe, kwa pesa yako, mahakamani.

Tanzania Bara jambo hili linaongozwa na Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na msajili ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hataza inadumu miaka 10 tangu siku ya kuwasilisha maombi, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka mitano kila mara, hivyo jumla inafika 20. Kuna ada ya kila mwaka. Ukiacha kulipa, hataza inakufa na uvumbuzi unakuwa wa kila mtu.

3. Nitajuaje kama kitu changu kinafaa?

Kinapimwa kwa mambo matatu. Kiwe kipya, na upya huu ni wa dunia nzima, si wa Kariakoo. Kisiwe kitu ambacho fundi yeyote wa fani hiyo angekifikia bila kuumiza kichwa. Na kiweze kutengenezwa au kutumika katika kazi halisi, iwe kiwandani, shambani au baharini.

Watu wengi wanaanguka kwenye la kwanza. Mtu ameona kitu hakipo sokoni Tandale, anahitimisha hakipo duniani. Kabla ya kumlipa yeyote chochote, soma swali la 12.

Vipo vitu ambavyo sheria imeviweka nje moja kwa moja: nadharia za sayansi na hisabati, kanuni za michezo, mbinu za kufanya biashara, aina za mimea na wanyama, na namna za kutibu mwili wa binadamu au mnyama. Kwa hiyo mfumo wako mpya wa kuchezesha vikoba, hata ukiwa mtamu vipi, hauombewi hataza.

4. Nimeambiwa nijitumie barua kwa posta, nisiifungue, ule muhuri wa tarehe ni ushahidi. Kweli?

Hapana. Barua hiyo haikupi haki yoyote ya kumzuia mtu. Haki inakwenda kwa aliyetangulia kuwasilisha maombi, na bahasha iliyo chini ya godoro haijawasilishwa kokote. Hali ni hiyohiyo kwa mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nimeshaletewa michoro yenye mhuri huo zaidi ya mara moja.

## Niombe au nisiombe?

5. Niambie basi bila kuzunguka: mtu binafsi kama mimi aombe hataza?

Wengi wanaoniuliza nawajibu: bado, na pengine kamwe. Wachache nawaambia wakimbie leo. Tofauti yao haiko kwenye uzuri wa uvumbuzi. Inatokana na mtu atakayewaiga.

Mfikirie mwigaji wako. Je, ni mafundi ishirini wa vichochoroni, kila mmoja akichomelea mashine tatu kwa mwezi kwa oda ya jirani? Hao huwawezi. Kumshitaki mmoja kunagharimu kuliko faida yote aliyopata, na ukimaliza na wa kwanza, wa pili amehamia Mbagala. Au mwigaji wako ni kiwanda chenye jina, au mwagizaji anayeshusha makontena bandarini? Huyo ana leseni, ana namba ya mlipakodi, ana akaunti ya benki. Huyo anapatikana, na anajua kwamba unaweza kumpata. Kwake hataza ina meno.

Jambo la pili ni kama siri yako inaonekana mtu akifungua kifaa. Mashine ikifunguliwa kwa spana inasema yote, lakini namna ya kukausha dagaa au kuchanganya rangi haionekani kwenye bidhaa. Ukiomba hataza ya mchakato wa namna hiyo, maelezo yako yatachapishwa na dunia itayasoma, kisha wewe utabaki kuthibitisha kwamba jirani anautumia nyuma ya ukuta wake. Vitu vya aina hiyo mara nyingi hulindwa vizuri zaidi kwa kufunga mdomo.

Halafu kuna mnunuzi. Kama lengo lako ni kuuza au kukodisha uvumbuzi kwa kampuni ili wao watengeneze, unahitaji kitu cha kuuza, na maneno matupu hayauziki. Hapa naunga mkono hataza bila kusita. Kama lengo lako ni kutengeneza na kuuza mwenyewe hapa mjini, pesa ileile ukinunulia mashine ya kulehemu na vyuma vya miezi mitatu inaweza kukutangulizia safari kuliko hati.

6. Gharama ikoje?

Usiangalie ada ya serikali peke yake. Ada za BRELA zimeandikwa kwenye tovuti yao na si hizo zinazowakimbiza watu. Mzigo mkubwa ni malipo ya mtaalamu wa kuandika maombi, kisha ada za kila mwaka. Ukitoka nje ya nchi kila kitu kinazidishwa kwa idadi ya nchi. Gharama ya mwisho, ambayo watu wanaisahau mpaka wanapoihitaji, ni ya kesi.

7. Nikiwa na hataza, kampuni kubwa itathubutu kuniibia?

Itathubutu, ikipiga hesabu kwamba huna pumzi. Robert Kearns wa Marekani alikuwa na hataza za waipa za gari zinazofuta na kupumzika, zile ambazo leo ziko kwenye kila daladala. Alifungua kesi dhidi ya Ford mwaka 1978. Walimalizana mwaka 1990, kwa dola milioni 10.2. Alishinda, na baadaye akaishinda Chrysler pia, lakini hiyo ni miaka 12 ya maisha ya mtu, na ndoa yake ilivunjika njiani. Huyo alikuwa mhandisi, tena katika nchi ambayo mahakama zinatoa fidia za mamilioni.

Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema hataza ni silaha inayohitaji risasi, na risasi zinanunuliwa.

8. Hakuna kitu chepesi zaidi ya hataza?

Vipo viwili ambavyo watu wanavipita bila kuviangalia.

Cha kwanza ni hati ya matumizi, ndugu mdogo wa hataza, katika sheria ileile. Uvumbuzi lazima uwe mpya na utumike, ila haudaiwi kile kipimo cha kuumiza kichwa nilichotaja swali la 3. Inadumu miaka 7. Maboresho mengi ya mafundi wetu, jiko linaloshika moto zaidi, toroli lenye ekseli iliyosogezwa, yanakaa hapa na si kwenye hataza kamili. Na kwa kweli, kifaa kitakachoigwa na kupitwa ndani ya miaka mitano kinataka ulinzi wa miaka 20 wa nini?

Cha pili ni alama ya biashara. Hii hailindi ufundi, inalinda jina na nembo. Bara inasajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10 bila kikomo. Mafundi watakuiga meno ya mashine, lakini mteja aliyeridhika anamtuma mwanawe akanunue "ile ya jina fulani". Kama ningerudishwa nyuma nichague kimoja tu, kwa mashine yangu ya nazi ningechukua alama.

## Siri, maonesho na watu wa kati

9. Nilishaionyesha Sabasaba mwaka jana. Naweza bado kuomba?

Uwezekano mkubwa umeshachelewa. Upya unavunjwa na chochote kilichowekwa hadharani kabla ya siku ya maombi, hata kama aliyekiweka ni wewe mwenyewe: banda la maonesho, video ya simu, mahojiano ya redio, picha kwenye grupu la WhatsApp. Misamaha iliyomo kwenye sheria ni michache na myembamba, usijengee nyumba juu yake.

Mimi yalinikuta. Nilipeleka mashine yangu viwanja vya barabara ya Kilwa, nikakuna nazi siku nzima, watu wakijaa. Kijana mmoja mpole alisimama karibu saa nzima. Alipiga picha ya meno, akaomba niyafungue "ayaelewe vizuri", nami kwa sifa nikachukua spana nikafungua. Kabla Ramadhani haijaingia, nazi za futari zilikuwa zinakunwa sokoni kwa mashine tatu zenye meno yangu. Nilizikagua kwa uchungu, na niseme ukweli, zilikuwa zimechomelewa vizuri kuliko yangu. Nilipokwenda kwa wakili aliniuliza swali moja tu: "Umeshaionyesha hadharani?"

Dawa yake ni rahisi. Wasilisha maombi kwanza, pata tarehe, kisha kajimwage Sabasaba.

10. Mwekezaji anataka kuona kabla hajatoa pesa. Nifanyeje?

Mwonyeshe kinachofanya, usimwonyeshe jinsi kinavyofanya. Mletee kilo ya chicha nyeupe na muda uliotumika, mashine ikiwa na kifuniko. Akitaka kuingia ndani, asaini mkataba wa kutunza siri, wenye tarehe, ukitaja kwa maneno ni kitu gani anaonyeshwa. Wapo wawekezaji wasiosaini kwa kanuni. Kwa hao ama uwe umeshawasilisha maombi au ubaki na kifuniko chako.

11. Fundi aliyenichomelea sampuli anadai na yeye ni mvumbuzi. Ana haki?

Inategemea alichangia nini. Kama ulimpa mchoro akaukata na kuuchomelea, alifanya kazi na akalipwa. Kama alikwambia "springi hapa haitadumu, tuweke uzito unaoning'inia", na uzito huo ndio ulioifanya mashine ikubali, basi kachangia uvumbuzi na jina lake linastahili kuwemo. Andikianeni kabla ya cheche ya kwanza. Karatasi moja, sahihi mbili, mgawanyo wa asilimia. Ninyi wawili mliovumbua pamoja mkiwa marafiki, hili linawahusu kuliko mnavyodhani.

## Kutafuta na kuandika

12. Nawezaje kujua kama mtu ameshavumbua kitu changu?

Tafuta mwenyewe kwanza, ni bure. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Patentscope ya WIPO (shirika la miliki bunifu duniani) na Google Patents zina mamilioni ya hati kutoka nchi nyingi. Usitafute kwa jina unalotumia wewe. "Mbuzi" hutaipata. Tafuta kwa Kiingereza kwa kazi inayofanyika: kukuna, nazi, jino linalorudi nyuma. Hati za India, Sri Lanka na Ufilipino zitakumwagikia, maana na wao wanapika kwa tui.

Tenga siku tatu. Ukikipata chako, usilie. Umeokoa pesa, na huenda umepata zawadi (swali la 18).

13. Naweza kuandika maombi mwenyewe?

Sheria haikuzuii. Maelezo na michoro utaweza, pengine kuliko wakili, kwa sababu mashine unaijua. Shida iko kwenye madai, zile sentensi za mwisho zinazosema mpaka wa shamba lako unaishia wapi.

Tazama. Dai la kwanza nililoandika mimi lilisema: "Mashine ya kukuna nazi yenye meno manne ya chuma cha pua, springi ya sentimita tano, na mota ya nusu hosipawa." Nilijiona bingwa. Mtu akiweka meno matano, ameshatoka nje ya shamba langu. Mtaalamu aliliandika upya kwa maana hii: kifaa cha kukuna nazi chenye jino moja au zaidi lililoshikiliwa na kitu kinachonyumbuka, kiasi kwamba jino linarudi nyuma linapokutana na ukinzani wa kifuu. Hakutaja idadi, chuma wala mota. Vipimo vyangu vikashuka kwenye madai ya chini yake. Kwa hiyo ushauri wangu: andika maelezo mwenyewe, mlipe mtaalamu kwa madai. Na kila kitu kiwemo siku ya kwanza, kwa sababu baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza ufundi mpya.

## Mipaka

14. Nikisajili BRELA, nimelindwa Afrika Mashariki nzima?

Hapana. Hata Zanzibar hujafika: wana sheria yao na msajili wao, BPRA. Kuvuka bahari kwa boti ya saa mbili, kisheria umebadilisha shamba.

Kwa nchi kadhaa kwa mkupuo kuna ARIPO, shirika la miliki bunifu la kikanda la Afrika, lenye makao yake Harare. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 unapeleka maombi mamoja na kutaja nchi unazozitaka, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Unalipia kila unayoitaja, kwa hiyo taja penye soko.

15. Na hataza ya dunia nzima?

Haipo, na anayekuuzia ni tapeli. Kilichopo ni maombi ya kimataifa kupitia PCT, mkataba wa ushirikiano wa hataza, unaosimamiwa na WIPO, Geneva, ambao Tanzania ilijiunga mwaka 1999. Yanakununulia muda, takriban miezi 30 tangu tarehe yako ya kwanza, kabla ya kuingia na kulipa nchi moja moja. Waombaji wa nchi zenye maendeleo duni, nasi tumo, wanapunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa.

Wengi hawaijui hii: ukiwasilisha maombi Dar, una miezi 12 ya kuwasilisha kwingine ukitumia tarehe ileile ya kwanza, kwa Mkataba wa Paris ambao tumo tangu 1963. Tumia mwaka huo kuuza. Uza hapa, pima, ongea na wanunuzi. Mwezi wa kumi na moja ukifika na mashine hazijatoka, hukupoteza pesa ya kuombea Nairobi na Kampala.

16. Nimepokea barua ya Ulaya, ina nembo nzuri, inanidai dola nyingi ili jina langu liingie kwenye rejesta. Nilipe?

Usilipe. Maombi yakichapishwa, jina na anwani yako vinaonekana, na wajanja wanavuna hapo. WIPO yenyewe inatoa tahadhari kuhusu barua hizi. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na ofisi uliyowasilisha, basi.

## Kesi za pembeni

17. Vipi kuhusu programu ya simu, dawa ya babu, au kitu nilichovumbua kazini?

Msimbo wa programu unalindwa kwa hakimiliki tangu ulipouandika, bila kusubiri usajili, chini ya sheria ya mwaka 1999. Wazo la "bodaboda ya wagonjwa kwa kubofya" halilindwi.

Mti wa babu ni wa Mungu, na namna ya kumtibu mtu haiombewi hataza (swali la 3). Mchanganyiko mpya kabisa au njia mpya ya kuukamua unaweza kujadiliwa, ila kama nusu ya kijiji wanaujua, upya haupo.

Uvumbuzi wa kazini ni mzito. Kama umeajiriwa kubuni, mara nyingi uvumbuzi ni wa mwajiri. Soma mkataba kabla ya kutumia maabara, kompyuta au saa za ofisi. Wanafunzi wa vyuo, ulizeni sera ya chuo kabla ya mradi wa mwaka wa mwisho, si siku ya kuutetea.

18. Nimekuta kifaa changu kina hataza Marekani. Nimekwisha?

Tulia. Hataza ya Marekani inafanya kazi Marekani. Kama mwenyewe hakuomba hapa, na muda wa kuomba kwa tarehe yake ya kwanza umepita, hana cha kukuzuia nacho Tanzania Bara. Huwezi kukiombea hataza yako, kwa sababu si kipya, ila unaweza kukitengeneza na kukiuza hapa. Usikipeleke tu kule. Hakikisha BRELA na ARIPO kwamba hakuna kilichosajiliwa kwa ajili ya Tanzania, na ukiweza mlipe mtaalamu aangalie hilo moja.

Hataza zilizokufa zipo huru kabisa, pamoja na michoro na vipimo vyake. Mashine ya nazi niliyonayo sasa karakanani, ile isiyokwama hata nazi ikiwa koroma, shingo yake nimeitoa kwenye hati ya zamani ya India niliyoipata usiku mmoja umeme ukiwa haujakatika. Meno ni yangu. Jina, safari hii, nimelisajili.